Acheni kuisingizia kadi ya mtandao!

Jamani mafundi wa mitandao, mtaacha lini kuwauzia watu kadi wasizozihitaji? Mteja akilalamika kuwa mtandao wa ofisi unakwama kazi ikizidi, jibu ni lile lile: kadi ya megabiti 100 imezeeka, toa pesa. Shule moja ninayoijua iliambiwa ibadilishe kadi za maabara nzima. Hakukuwa na kadi mbovu hata moja.

Hebu pimeni kwanza. Piga ping mtandao ukiwa umetulia: chini ya milisekunde 1. Sasa nakili faili kubwa: mamia ya milisekunde, na pakiti zinapotea. Mara nyingi hiyo ni dupleksi isiyolingana, na aliyeileta ni fundi mwenyewe.

Kanuni ya ethaneti ya megabiti 100, ya mwaka 1995, inaziruhusu kadi na swichi kujadiliana zenyewe. Fundi mjuaji anaifunga swichi kwa mkono: 100, dupleksi kamili. Kadi inabaki bila wa kujadiliana naye. Kasi inaitambua kutokana na ishara za waya. Dupleksi haiwezi, kwa hivyo kanuni inailazimu kutumia nusu dupleksi. Swichi ikituma wakati kadi nayo inatuma, kadi hudhani ni mgongano na kukatiza. Pakiti zikipotea, TCP ya Linux inaweza kusubiri milisekunde 200 au zaidi kabla ya kutuma tena. Mtandao ukitulia migongano ni haba, ndiyo maana hamkuona kitu.

Ukaguzi ni bure. Andika ethtool eth0, usome dupleksi. Andika ethtool -S eth0, utazame hesabu za makosa na migongano. Kagua swichi pia, kisha rudisha pande zote mbili kwenye majadiliano.

Mtasema majadiliano hayaaminiki. Mbona gigabiti kwenye waya wa shaba inayalazimisha? Na kama lazima mfunge, fungeni pande zote mbili!

Dupleksi ikiwa sawa, angalia foleni. Pakiti 1000 za baiti 1500 kwenye megabiti 100 ni milisekunde 120 za kungoja tu. Weka fq_codel, iliyoingia Linux 3.5 mwaka 2012.

Hayo yote yakiwa safi, jaribu waya mwingine. Kadi iwe ya mwisho. Pesa ya mteja si yenu ya kufanyia majaribio.