Gwiji akizeeka mpe kazi anayoiweza, si kiti cha heshima

Tuseme wewe ndiye kocha. Kikosini una jamaa wa miaka 40 ambaye jina lake pekee linajaza uwanja. Mguu umechoka, mkono umepungua kasi, lakini mashabiki bado wanamwimba. Unampanga wapi?

Mtihani huo ulimpata Joe Girardi, kocha wa New York Yankees kwenye besiboli ya Marekani, mwaka 2014. Jamaa mwenyewe alikuwa Derek Jeter, nahodha mwenye mataji matano ya World Series. Oktoba 2012 alivunjika kifundo cha mguu, 2013 akacheza mechi 17 tu, kisha kabla ya msimu wa 2014 akatangaza kwamba huo ndio wa mwisho.

Kama besiboli ni ngeni kwako, shika jambo moja tu. Timu ina wapigaji tisa. Wanapiga kwa foleni, wa kwanza hadi wa tisa, halafu inaanza upya. Mechi ikiisha, walio mbele huwa wamepata zamu nyingi kuliko walio nyuma. Mimi chuo nilikiacha njiani, lakini hesabu hii haidai digrii: msimu una mechi 162, gawanya kwa tisa, unapata 18. Kila ukimrudisha mtu nyuma nafasi moja, anapoteza takriban zamu 18 kwa msimu. Kutoka namba mbili hadi namba nane ni zamu 108 hivi, na hizo zinaenda kwa wenzake.

Girardi alimwacha Jeter namba mbili karibu msimu mzima. Kwa wastani wa kufika beisi, Jeter alipata .304, chini ya wastani wa ligi. Kwa lugha ya mtaa, katika kila zamu kumi, karibu saba alirudi benchi mikono mitupu. Na namba mbili ni kazi ya mtu anayefika beisi, ili wenye misuli wanaomfuata wapige na yeye akamilishe mzunguko, timu ipate alama. Yankees walimaliza na ushindi mara 84. Oakland, walioingia mchujo kwa tiketi ya mwisho, walikuwa na 88.

Tusimwonee mzee wa watu. Kumshusha peke yake kusingeleta ushindi nne zaidi, maana mpangilio wa wapigaji hubadilisha matokeo kidogo tu. Na Septemba 25, mechi yake ya mwisho nyumbani, ni yeye aliyepiga mpigo wa ushindi raundi ya tisa, Yankees wakailaza Baltimore 6-5. Hata asiyejua besiboli angesimama. Lakini huo ni usiku mmoja. Mwaka huo alicheza mechi 145.

Sasa kama tofauti ni ndogo hivyo, shida iko wapi? Shida ni kwamba kila msee kwenye chumba cha kubadilishia nguo anaona. Anaambiwa nafasi inatokana na kazi, halafu anaona nafasi moja inatokana na historia. Wewe unayesubiri mlango ufunguke kazini unajua hiyo inavyouma.

Upande wa pili nao una machungu. Girardi huyohuyo, Mei 2011, alimpanga Jorge Posada namba tisa, mkia wa foleni. Posada alikuwa na miaka 39, wastani wa kupiga .165, na mechi ilikuwa dhidi ya mahasimu wao, Boston. Kabla ya mechi kuanza akaomba atolewe kabisa kwenye orodha. Kesho yake aliomba radhi, lakini aibu ilikuwa imeshaonekana na kila mtu. Namba zilikuwa upande wa kocha, sawa, lakini mtu si namba.

Kuna njia ya tatu, na mimi naona ndiyo yenyewe. Albert Pujols aliachwa na Los Angeles Angels mwaka 2021. Mwaka 2022, akiwa na miaka 42, akarudi St. Louis Cardinals, timu iliyomlea. Mwanzoni hawakumpa kiti cha kila siku. Walimtumia hasa mrushaji wa upinzani akiwa wa mkono wa kushoto, maana mpigaji wa mkono wa kulia kama yeye huuona vizuri zaidi mpira wa aina hiyo. Kazi ndogo, lakini ya kwake. Aliutoa mpira nje ya uwanja mara 24 msimu huo na kustaafu akiwa na 703, mmoja wa watu wanne tu kwenye ligi hiyo kuwahi kufika 700.

Kwa hivyo wewe kocha, usianze kwa kuuliza gwiji anastahili namba gani. Uliza leo bado anaweza nini, dhidi ya nani. Kisha mwambie mapema, msimu haujaanza, ana kwa ana, na namba zikiwa mezani. Asiisome kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani saa chache kabla ya mechi. Heshima yake iko kwenye hayo mazungumzo. Nafasi kwenye foleni wapewe wanaoitendea kazi.