Kwanza Mwalimu na Kitabu, Kisha Kishikwambi

Imeenea siku hizi imani ya kuwa udhaifu wa kusoma na kuandika mashuleni utaponywa na mashine. Ikitajwa habari ya mwanafunzi asiyeweza kusoma aya moja ya Kiswahili akaifahamu, jibu huwa tayari mdomoni: mleteeni kishikwambi. Sisi tunaofundisha lugha hii nchini Uganda hatuna ugomvi na mashine. Tunalolipinga ni wazo la kuwa kununua ndiko kufundisha.

Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda lilikubali kutekeleza uamuzi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa kukifanya Kiswahili lugha yake rasmi, likapendekeza pia kiwe somo la lazima na la kutahiniwa katika shule za msingi na za sekondari. Tuliupokea uamuzi huo kwa furaha. Lakini amri peke yake haisomeshi, wala upungufu wa walimu na vitabu hauzibwi kwa tangazo. Penye upungufu kama huo ndipo wachuuzi wa mitambo wanapopata soko. Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Ushahidi hauko mbali. Ng'ambo ya mpaka, huko Kisumu, jambo hili lilipimwa mwaka 2013 chini ya mpango wa PRIMR, uliokuwa ukifundisha kusoma Kiingereza na Kiswahili katika madarasa ya mwanzo. Shule ziligawanywa mafungu. Katika fungu moja vishikwambi walipewa maofisa wanaozuru madarasa na kuwashauri walimu. Katika la pili walipewa walimu wenyewe. Katika la tatu wanafunzi walipewa vifaa vya kusomea vitabu vya kielektroniki. Mafungu yote matatu yalisimama juu ya msingi mmoja wa mafunzo ya walimu na masomo yaliyopangwa kwa utaratibu. Matokeo yakawa haya: wanafunzi wa mafungu yote matatu waliwapita wale wa shule ambazo mpango haukuzigusa, lakini baina ya mafungu hayo haikuonekana tofauti ya maana. Kumpa kila mtoto mashine hakukuongeza kitu juu ya kumpa mashine mshauri wa mwalimu, na gharama yake ilikuwa kubwa zaidi. Kilichoinua usomaji kilikuwa ufundishaji bora. Ndiyo maana mpango wa Tusome, ulioenea Kenya nzima tangu mwaka 2015, ulimpa mtoto kitabu, ukampa mwalimu mwongozo, na kishikwambi ukamkabidhi mshauri.

Tena kuna lugha yenyewe. Mashine huja na lugha ya aliyeitengeneza. Mwanafunzi akiandika neno "hawakunisomea" kwenye kompyuta iliyopangwa kwa Kiingereza, hulikuta limepigiwa mstari mwekundu kana kwamba amekosea. Neno hilo moja limebeba ukanushi, mtenda, wakati, mtendwa, mzizi na kauli ya kutendea. Orodha ya maneno, hata iwe ndefu namna gani, haiwezi kuyakusanya maneno yote ya namna hiyo; panahitajika kanuni za sarufi yetu. Mtoto ambaye bado hajawa na hakika na tahajia yake hufundishwa na mstari ule kukitilia shaka Kiswahili sahihi.

Hata mashine ijuayo Kiswahili ina mpaka wake. Katika Luganda sauti za l na r hufuata irabu iliyotangulia, na kwa sababu hiyo wanafunzi wetu wengi huandika "kula" walipokusudia "kura". Mashine haioni kosa, maana yote mawili ni maneno halali. Mwalimu aijuaye lugha ya mtoto ndiye aonaye kosa lilikotoka.

Hata hivyo, hapo hapo mashine ingeweza kutusaidia. Kinasa sauti, au simu ya kawaida, humwezesha mwanafunzi kuusikia mkururo wa maneno kama hayo kutoka kwa msemaji mzoefu, akajirekodi, akajilinganisha, akarudia bila ya kuonewa haya. Kadhalika redio: shule zetu zilipofungwa Machi 2020, zisifunguliwe kikamilifu hadi Januari 2022, masomo ya redio yaliweza kuwafikia watoto ambao hawajapata kugusa kompyuta. Wala asituambie mtu kwamba Kiswahili hakifai katika mitambo. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia iliyosema na mtumiaji kwa Kiswahili.

Kwa hiyo twadai mambo matatu. Kwanza, fedha za mashine zisitangulie fedha za vitabu na mafunzo ya walimu. Pili, mashine yoyote iingiayo darasani iwe na Kiswahili ndani yake: kamusi, hadithi za kusoma, sauti za wasemaji, na kisahihishi kilichotungwa kwa kanuni za lugha hii. Tatu, mwalimu aulizwe kabla ya kununua, si kualikwa siku ya kukata utepe.

Nasi walimu tusijifiche nyuma ya chaki. Wapo miongoni mwetu wanaoikataa mashine kwa kuogopa kuonekana hawaijui mbele ya watoto. Hao nao wanawanyima wanafunzi haki yao. Tujifunze kuitumia, kisha tuijaze. Kila mwalimu wa chama chetu aandike hadithi moja fupi kwa ajili ya madarasa ya mwanzo, airekodi kwa sauti yake, awape wenzake. Hadithi hizo tukishakuwa nazo, ndipo tutakapokuwa na la kumjibu mchuuzi atakapobisha hodi shuleni: tutamwonyesha tunachotaka mashine yake ibebe, na kama haiwezi kukibeba, airudishe alikoitoa.