Dawa tuliyoigeuza kuwa swali la mtihani

Kila mwaka watahiniwa wa kidato cha nne nchini Kenya huingia kwenye Karatasi ya Tatu ya Kiswahili wakijua kinachowasubiri. Kutakuwa na shairi. Wataulizwa bahari yake, mpangilio wa vina, idadi ya mishororo katika kila ubeti na uhuru alioutumia mtunzi. Atakayetaja ukara na inkisari mahali pake atapata alama zake. Upande wa Tanzania nako hali haitofautiani sana. Swali moja tu ndilo lisiloulizwa: huyu aliyetunga alikuwa amepatwa na nini, na kutunga kulimsaidia nini?

Si swali la kupoteza muda. Baadhi ya tungo kubwa za Kiswahili zilitoka kwa watu waliokuwa hoi kwa maradhi, kwa msiba au kwa kifungo.

Abdilatif Abdalla wa Mombasa alikuwa kijana wa miaka 22 alipokamatwa mwishoni mwa 1968. Kosa lake lilikuwa waraka ulioitwa Kenya: Twendapi?, ulioikosoa serikali ya Jomo Kenyatta. Alihukumiwa kwa uchochezi, akatumikia miaka mitatu, sehemu kubwa ya muda huo akiwa ametengwa na wafungwa wenzake katika gereza la Kamiti. Karatasi ya kuandikia hakuruhusiwa. Aliandika kwenye karatasi za chooni, na tungo zikatolewa gerezani kwa siri. Mwaka 1972 aliachiliwa. Mwaka uliofuata tungo hizo zikachapishwa zikiwa kitabu, Sauti ya Dhiki. Kitabu hicho kilishinda tuzo ya fasihi iliyobeba jina la Jomo Kenyatta, rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga mtunzi.

Wengi husimulia kisa hiki kwa ajili ya siasa yake, na siasa imo tele. Lakini tazama namna alivyoandika. Mtu yumo seli, karatasi ni ya kubahatisha, mlinzi anaweza kutokea wakati wowote, naye bado anahesabu mizani. Vina vya ukwapi vinakaa mahali pake, vya utao mahali pake. Mtu mwingine angedhani mwenye dhiki hana nafasi ya urembo wa namna hiyo, kwamba angeandika tu lolote limjialo, ovyo ovyo, mradi alitoe.

Hapo ndipo penye siri. Mateso hayana kipimo. Aliyepigwa, aliyebakwa, aliyeshuhudia nyumba ikiteketea na watu ndani, huandamwa na jambo lile lile usiku na mchana, na kila linaporudi linarudi zima zima kama lilivyokuwa siku ya kwanza. Utungaji wa arudhi humpa huyu kazi ndogo inayowezekana: tafuta neno la mizani mitatu linaloishia na “-ka”. Akili iliyokuwa ikizunguka penye kidonda sasa inasaka neno. Halipatikani, anajaribu lingine, anapindua sentensi, anakata silabi. Mwisho wa ubeti, lile lililokuwa halina mwanzo wala mwisho limewekewa mipaka, na aliyeiweka ni yeye mwenyewe. Moja ya mashairi ya Abdilatif linaitwa “Jipu”, na wasomaji wamelisoma zaidi kama fumbo la kisiasa. Jina lenyewe, hata hivyo, linamkumbusha kila aliyewahi kuota jipu namna linavyouma zaidi kabla ya kutumbuka.

Kutunga ukiwa katika dhiki hakukuanzia Kamiti. Takriban mwaka 1858, Mwana Kupona binti Msham alikuwa kitandani, mgonjwa wa muda mrefu, mjane wa Bwana Mataka aliyekuwa mtawala wa Siyu. Alimwita binti yake, Mwana Hashima, aje karibu na wino na karatasi. Utendi wake wa beti 102 hukumbukwa kwa wasia kuhusu mume na nyumba, na wahakiki wa leo wamebishana sana juu ya wasia huo. Sehemu ya mwisho haitajwi mara nyingi: ni dua ndefu, mgonjwa akimwomba Mola ampe afya na awatunze wanawe atakaowaacha. Maradhi hayakupona, alifariki miaka michache tu baadaye. Hata hivyo hofu aliyokuwa nayo, ya kumwacha mtoto bila wa kumwongoza, aliipatia mahali pa kukaa, na mpaka leo ipo. Katika karne iliyofuata mshairi Shaaban Robert alipofiwa na mkewe, Amina, naye alimlilia kwa shairi lenye jina lake, akawatungia wanawe tenzi za kuwaongoza.

Anayetaka ushahidi wa maabara naye ataupata, ila asitarajie miujiza. Mwaka 1986 mwanasaikolojia wa Marekani James Pennebaker na mwenzake Sandra Beall walichapisha utafiti uliofanywa kwa wanafunzi wa chuo kikuu. Baadhi waliombwa waandike dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo, kuhusu jambo lililowaumiza kupita yote maishani. Wengine waliandika kuhusu mambo ya kawaida yasiyo na uzito. Mara baada ya kuandika, walioandika machungu walikuwa na huzuni zaidi kuliko wenzao. Katika miezi iliyofuata, wale walioeleza tukio pamoja na hisia zao walikwenda zahanati ya chuo mara chache zaidi. Tangu hapo majaribio ya namna hiyo yamerudiwa mara nyingi sana. Uchambuzi wa mwaka 2006 uliojumlisha tafiti 146 ulikuta kwamba faida ipo, lakini ni ndogo kwa wastani. Ndogo haina maana ya bure. Dawa inayogharimu kalamu na robo saa haihitaji kufanya makubwa ili istahili kujaribiwa.

Uandishi huo wa Pennebaker ulikuwa nathari ya kawaida, tena ya siri. Ushairi una mtihani wake wa pekee, na ni haki kuusema. Mwaka 2001 yeye na Shannon Stirman walilinganisha mashairi yapatayo 300 ya washairi waliojiua na ya wale ambao hawakujiua. Waliojiua walitumia zaidi maneno ya “mimi” na “yangu”. Utafiti huo wa washairi 18 hauwezi kubeba hukumu nzito, na wala hausemi kwamba shairi liliua mtu. Unachodokeza ni kwamba kuandika kunakomzungusha mtu ndani ya nafsi yake peke yake kunaweza kumwacha pale pale alipokuwa.

Katika hili Kiswahili kina kinga ambayo watunzi wa lugha nyingine wangeitamani. Malenga wa Kiswahili hatungi akiwa amejifungia. Anaita wenzake, anauliza, anatega fumbo na kungoja jibu. Mombasa ya Muyaka bin Haji, karne ya 19, washairi walijibizana mpaka ubeti ukawa silaha ya mji mmoja dhidi ya mwingine. Gazeti la Mambo Leo lililoanza mwaka 1923 lilichapisha mashairi ya wasomaji, na magazeti yaliyolifuata yakaushika utaratibu huo: wa Tanga anauliza, wa Lindi anajibu kwa bahari ile ile. Alipofariki Mwalimu Nyerere, Oktoba 14, 1999, kurasa za mashairi zilijaa maombolezo ya watu ambao hawakuwahi kumkaribia. Kila mmoja alilia kivyake, na wote wakalia kwa kipimo kimoja.

Kwa hiyo mwenye majonzi anayetunga kwa arudhi hupata vitu viwili kwa pamoja: umbo la kuyashika machungu yake, na watu wa kumwitikia. Wazee walishasema mficha maradhi kilio humfichua. Shairi humwezesha mtu kufichua bila kujianika, kwa kuwa anaweza kusema nyoka, mnazi au jahazi, na wanaoelewa wakaelewa.

Yapo ya kuchunga. Asilazimishwe mtu kutunga kuhusu jambo lililomkuta jana. Siku za kwanza wengine huhitaji usingizi, chakula na mtu wa kukaa naye kuliko kalamu. Wala mtoto asiambiwe asome mbele ya darasa alichoandika kuhusu nyumbani kwao. Anayesikia sauti, asiyelala wiki nzima au anayezungumzia kujitoa uhai apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo, na shairi lake limfuate baadaye. Utungo haujawahi kuwa badala ya tiba, na anayeuuza hivyo anadanganya.

Lakini kati ya kumpeleka mtu hospitali na kumwambia “jikaze” pana nafasi kubwa, na nafasi hiyo tumeiacha tupu. Shule zetu zina watoto waliofiwa, waliohamishwa na vita au mafuriko, waliopigwa na watu waliopaswa kuwalinda. Watoto hao hao wanafundishwa, kwa gharama ya umma, kila kifaa cha utunzi: vina, mizani, kibwagizo, mafumbo. Tunawapa jembe, tunawaeleza sehemu zake zote, kisha hatuwaonyeshi shamba.

Marekebisho yake hayahitaji bajeti wala sera mpya. Mwalimu wa Kiswahili mwenye vipindi vitano kwa wiki anaweza kutenga nusu ya kimoja, mara moja kwa mwezi, wanafunzi watunge beti mbili kuhusu lolote lililo moyoni. Asisahihishe, asitoe alama, asisome ila kwa idhini ya mwenyewe. Na anayemkabidhi shairi lenye jambo zito, ajue mapema amwone mshauri gani. Wahariri nao wairudishe kona ya mashairi pale ilipofinywa na matangazo, waache nafasi ya majibu kila wiki. Na msomaji aliyebeba jambo lisilosemeka, ajaribu ubeti mmoja usiku huu: mishororo minne, mizani 16 kila mmoja. Vina vikigoma, avisake tena kesho.