Shoka la Kuazima



Fungua 2 Wafalme sura ya 6, usome aya saba za kwanza, kisha urudi hapa. Wanafunzi wa Elisha waliona makao yao yamekuwa madogo, wakashuka Yordani kukata miti wajenge pengine. Mmoja akikata, chuma cha shoka kikachomoka na kutumbukia majini. Akalia. Kilichomliza ni kwamba shoka lilikuwa la kuazima.

Nimekumbuka kisa hicho wiki hii kwa sababu ya mama mmoja wa kanisa letu. Binti yake ameitwa chuo kikuu kusomea mipango miji. Wakaja na barua, tukaomba, tukashukuru. Kisha nikauliza, "Mama, mkopo ni pesa ngapi?" Akanijibu, "Pasta, hiyo ni ya serikali, si sisi tunalipa." Binti alikuwa anaangalia sakafu. Yeye alijua.

Mzazi, soma barua hiyo hadi mwisho. Katika mfumo wa ufadhili ulioanza 2023, gharama inagawanywa: kuna ufadhili usiorudishwa, kuna mkopo wa HELB, na kuna sehemu ya familia. Wengi wetu macho yanaishia kwa neno "ufadhili". Hata pesa za matumizi anazopata mwanafunzi kutoka HELB ni mkopo. (Na hapa niseme neno litakalowaudhi watumishi wenzangu: mwanafunzi, usiniletee fungu la kumi la HELB. Deni si mapato.)

Tufanye hesabu, mfano tu. Chukua mkopo wa 240,000 kwa miaka minne. Riba ya HELB ni asilimia 4 kwa mwaka, nafuu kuliko benki. Ukilipa 4,000 kila mwezi, utamaliza kwa miaka mitano na nusu hivi. Hiyo inabebeka. Lakini mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo unatakiwa kuanza kulipa, na ukinyamaza, faini ni 5,000 kwa mwezi. Angalia vizuri: kunyamaza kunakugharimu kuliko kulipa! Miaka miwili ya kujificha ni 120,000, nusu ya mkopo wenyewe, na jina lako linaweza kupelekwa CRB.

Sasa mapato. Nawasikia wazazi wakisema, "Pasta, Nairobi yote imeharibika, hawa watoto watakosaje kazi?" Ni kweli miji yetu inawahitaji. Tuliona mafuriko ya 2024 pale Mathare, nyumba zilizojengwa ukingoni mwa mto. Nehemia mwenyewe, kabla ya kujenga, alizunguka usiku akikagua kuta. Naipenda kozi hii. Lakini hitaji si mshahara. Tuna kaunti 47, na sheria ya 2019 ya mipango na matumizi ya ardhi inazitaka zipange maeneo yao. Hata hivyo, kaunti haiajiri kwa sababu mitaro imeziba. Inaajiri bajeti ikiruhusu, na nafasi ikitangazwa.

Kuna jambo lingine ambalo hutalisikia siku ya kusherehekea barua. Digrii peke yake haikufanyi mpangaji wa miji aliyesajiliwa. Unahitaji uzoefu wa kazi na kukubaliwa na bodi ya usajili. Katikati hapo kuna muda wa kuwa msaidizi, au mwanagenzi anayepewa nauli tu, na mwaka wako wa HELB unahesabika. Ni rahisi kuwa mpangaji wa chumba kimoja Pipeline miaka mingi kabla ya kuwa mpangaji wa miji. Tena kuna kozi nyingi zenye neno "miji" ndani ya jina. Kabla ya kukubali nafasi, uliza kama bodi inaitambua hiyo kozi. Kama haitambuliwi, unaazima shoka ambalo huenda usiruhusiwe kukatia mti.

Kwa hiyo usipime mkopo kwa mshahara wa mkurugenzi wa mipango uliyemwona kwenye runinga. Upime kwa mshahara wa mwaka wa kwanza. Tafuta wahitimu watatu waliomaliza hivi karibuni, uwaulize bila aibu wanapata ngapi na walikaa muda gani bila kazi. Toa kodi ya nyumba, nauli, chakula, na kile utakachotuma nyumbani, maana utatuma. Kinachobaki kikishinda malipo ya HELB, nenda kwa amani. Kisipobaki kitu, bado hujashindwa. Labda ni kuchagua chuo cha karibu ulale nyumbani, au kujifunza mapema kutengeneza ramani kwa kompyuta, ujuzi unaoweza kukulisha kabla ya usajili.

Na wewe uliyemaliza zamani, unayezima simu ukiona namba usiyoijua? Elisha hakumkemea yule kijana. Alimuuliza kilipoanguka, naye akamwonyesha mahali. Kuna mwaka wa tatu sasa watu wananiletea deni la HELB madhabahuni, nikiuliza ni ngapi, hawajui.

Jumapili hii baada ya ibada ya pili nitakaa ule ukumbi wa watoto, pamoja na dada mmoja wa kanisa anayefanya kazi ya uhasibu. Wazazi, njooni na barua. Waliomaliza, njooni na taarifa ya deni lenu kutoka HELB, iwe kwa simu au karatasi. Binti yule wa mipango miji ameshaandika jina lake la kwanza.

Mchungaji wenu.