Goma: Usiulize kama komisioneri ni mwaminifu, uliza nani anamlipa

Kila mtu anayetafuta nyumba ya kuhamia katika mji wetu wa Goma anaanza na swali lile lile: hunijulii komisioneri mzuri? Anauliza kanisani, anauliza kazini, anauliza kwenye WhatsApp ya familia. Anapewa namba tatu, nne, na kila namba inakuja na sifa zake: huyu ni kijana wa heshima, huyu anasali, huyu alimtafutia shemeji yangu nyumba Himbi na hakukuwa na shida.

Mimi nasema swali hilo ndilo linatupoteza. Linatufanya tuamini ya kwamba shida ni roho ya mtu, kwamba tukimpata kijana mwenye roho nzuri basi tumepona. Shida iko katika namna tunavyowalipa watu hawa, na hata kijana anayesali akiingia katika mpango huo, mpango utamgeuza.

Tuangalie kazi yenyewe. Unampigia komisioneri simu. Kabla ya kuinua mguu anaomba pesa ya kutembelea: dola 5, dola 10, inategemea na viatu vyako. Pesa hiyo hairudi, hata kama alikuzungusha kutoka Katindo mpaka Ndosho akikuonyesha vyumba visivyo na dirisha. Moto ya kuzunguka nayo ni juu yako, kwenda na kurudi, yeye na wewe. Kiisha ukipata nyumba unamlipa komisyo yake, na mara nyingi anataka sawa na pesa ya nyumba ya mwezi mzima. Mwenye nyumba naye anamtupia kitu, na kitu hicho hautakijua.

Fanyeni hesabu pamoja nami. Nyumba ya dola 100 kwa mwezi: garanti ya miezi mitatu ni 300, komisyo 100, tayari 400, bado gari ya kubeba vyombo, bado kufuli mpya. Kwa mwalimu au kwa mama anayeuza sombe sokoni Virunga, hiyo ni akiba ya zaidi ya mwaka. Na pesa hiyo yote inapita katika mkono wa mtu ambaye humjui hata jina la baba yake.

Sasa tazama faida yake iko wapi. Analipwa kwa kukuonyesha nyumba, hata usipoipata. Basi akuonyeshe nyingi mbovu. Komisyo yake ni pesa ya mwezi mmoja. Basi kila mwenye nyumba akipandisha bei, naye amepanda. Analipwa kila unapohama; basi ukifukuzwa baada ya miezi sita, kwako ni msiba, kwake ni kazi mpya. Nani kati yetu angekaa mahali hapo miaka mitano na kubaki msafi? Ndiyo maana mambo haya ya kumsifu kijana kwa sababu anakuita Mama kwa sauti ya upole yananichosha.

Wizi ulio wazi tunaujua. Nyumba moja inaonyeshwa kwa watu watatu, wote watatu wanatoa garanti, na mwanzo wa mwezi wanakutana mlangoni, kila mmoja na magodoro yake juu ya chukudu. Simu ya komisioneri imezimwa. Mwenye nyumba anasema huyo kijana hamjui, alimwona mara moja tu. Wanakwenda kwa shefu wa kartiye, wanatoa pesa ya kuandikisha mashtaka, wanakwenda polisi, wanatoa pesa ya kumfuata mshitakiwa ambaye hakuna anayejua analala wapi. Wengi wanaacha hapo, kwa sababu kumtafuta mwizi kumekuwa ghali kuliko alichoiba.

Lakini wizi mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni ule wa kunyamaza. Komisioneri anakuleta saa nne asubuhi, jua linawaka, anafungua mabomba haraka haraka au anasema maji yalikatika leo tu. Hakuambii ya kwamba wapangaji wote wa parseli ile wanateka maji kwa bidoni kila siku. Hakuambii kwamba kaunta ya umeme ni moja kwa familia sita na kila mwisho wa mwezi ni vita. Hakuambii kwamba choo kimejaa, na sisi tunaojenga juu ya jiwe la volkano tunajua kuchimba choo kingine ni kazi gani.

Na upande wa Mugunga, Lac Vert na Bulengo kuna kunyamaza kunakoua. Pale kuna mazuku. Watu wa zamani waliipa hewa hiyo jina hilo, na leo wataalamu wa volkano wa dunia nzima wanatumia neno letu hilo hilo. Ni gesi ya kaboni inayotoka chini ya ardhi. Ni nzito kuliko hewa, inajikusanya katika mabonde na mashimo, hasa usiku na alfajiri wakati hakuna upepo wala jua. Kuku wanakufa kwanza, kisha mbuzi, kisha mtoto anayelala chini. Haina rangi ya kukuonya. Majirani wanajua vizuri parseli gani ina mazuku. Komisioneri anayefanya kazi huko naye anajua. Lakini anakuletea saa sita mchana, anasifu utulivu na bei nafuu, anachukua komisyo yake, anarudi mjini kulala. Mtu akisema huyo ni kijana anayejitafutia tu mkate, aniambie ni mkate gani huo.

Ninyi mnaohama, basi, acheni kutegemea mdomo wake. Rudini peke yenu, bila yeye, mapema asubuhi au jioni. Salimieni mama anayeuza makala kwenye kona. Muulizeni yule mpangaji anayetoka kwa nini anatoka. Hilo swali moja lina thamani kuliko komisioneri kumi.

Kuna sheria, na huyu mtu wa katikati anaishi kwa sababu hatuisomi. Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015, ile inayohusu upangaji wa nyumba, inasema garanti ya nyumba ya kuishi haipiti miezi mitatu. Miezi mitatu. Lakini hapa unasikia mtu anaomba sita, na ukiuliza, anayekujibu siyo mwenye nyumba. Ni komisioneri: eh Papa, hapa Goma ndivyo inavyofanyika, ukikataa kuna wengine watatu wanangoja. Ndiyo kazi anayofanyiwa mwenye nyumba bila kuchafua mikono. Vivyo hivyo kwa kontra. Wenye nyumba wengi hawapendi karatasi kwa sababu karatasi inaita kodi ya serkali juu ya mapato ya nyumba. Komisioneri anakuambia hakuna haja, sisi ni watu wa kuelewana. Siku ya kudai garanti yako utaona ile elewano imekwenda wapi.

Kwa wanaonunua parseli, hatari ni mara kumi. Sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973 iko wazi: ardhi ni ya serkali, na haki ya mtu juu ya parseli inathibitishwa na sertifika ya uandikishaji inayotolewa na konservateri. Karatasi ya shefu, karatasi ya mashahidi wanne, fishi ya parseli, zote hizo ni hatua za njiani, bado hujafika. Huko pembeni ya mji, upande wa Nyiragongo ambako mji na sheferi ya Bukumu wanabishania mipaka, utapata karatasi mbili tofauti kwa kiwanja kimoja, na kila moja ina muhuri. Volkano ya 2002 ilifunika parseli na mipaka yake. Ya 2021 ilifanya hivyo tena upande wa Buhene. Komisioneri anayekuambia ulipe leo leo kwa sababu kuna mnunuzi mwingine ametoka Butembo, mwambie ampe huyo wa Butembo. Wewe nenda kwanza biro ya konservateri, ukaulize jina la nani liko kwenye kitabu.

Najua nitaambiwa: hawa ni vijana wasio na kazi, wengine wamesoma mpaka shahada, unataka wakaibe? Nimelisikia. Na ni kweli kuna wanaotembea kutwa nzima kwa miguu, wanampatia mwenye nyumba mpangaji, na mwenye nyumba anawanyima hata franka 5.000. Hao nao wameonewa. Lakini dawa ya kijana aliyeonewa haiwezi kuwa mama mjane anayehama na watoto watano. Aliyetafutiwa mpangaji ni mwenye nyumba. Nyumba ni yake, pesa ya kila mwezi ni yake, basi komisyo iwe juu yake. Siku atakapoilipa yeye, utashangaa namna atakavyochagua kwa makini nani wa kumpa funguo zake.

Wakubwa wa kartiye na wa komine wanaweza kuanza bila kungoja Kinshasa. Wanawajua makomisioneri wao kwa majina, kwa sababu kila siku wanasuluhisha kesi zao. Waandikwe katika daftari, wapewe kadi yenye picha na namba. Pesa ya kutembelea ikatazwe. Komisioneri asishike garanti hata dakika moja: garanti itoke kwa mpangaji iende kwa mwenye nyumba, mbele ya shahidi, na risiti. Tangu mabenki yalipofunga milango hapa mwishoni mwa Januari 2025, tumezoea kuhesabu noti mkononi, na noti haina kumbukumbu. Airtel Money na M-Pesa zinaonyesha jina la anayepokea. Jina likitokea siyo la mwenye nyumba, rudisha simu mfukoni.

Na ninyi wenye nyumba mnaosoma hapa, kwa maana najua mnasoma: andikeni namba yenu ya simu kwenye mlango wa parseli. Kipande cha ubao na chaki vinatosha.