Biti ya bure si yako

Jamani, juzi nilikuwa nyumbani Wamunyu, vijana wa kwaya wakanipa simu nione. Video yao mpya imezimwa sauti. Walipakua biti mtandaoni, wakaimba juu yake, wakaandika chini “muziki si wetu”. Walidhani inatosha. Haitoshi!

Sisi waandika programu, hata tukikuta msimbo uko wazi kabisa, tunasoma leseni kwanza. Biti ni vivyo hivyo, tena ina haki mbili: utunzi, na rekodi yenyewe. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inalinda kila moja kivyake. Ukiupiga wimbo upya kwa kinanda chako umekwepa rekodi tu; utunzi unalindwa miaka 50 baada ya mtunzi kufa. Na leseni ya kupiga muziki ukumbini haikuruhusu kurekodi.

Lakini siwalaumu vijana peke yao. Maprodyuza wetu nao huuza biti kwa mdomo: tuma M-Pesa, kwisha. Ukitaka iwe yako peke yako, sheria hiyo inadai maandishi yenye sahihi. Bila hayo, kesho anamuuzia mwingine.

Nimewaandikia vijana nusu ukurasa. Prodyuza atie sahihi kwanza, ndipo waimbe.