Tuache Barabara Kabla ya Kuchimba Msingi

Ndugu wakazi wenzangu wa Dar es Salaam na Pwani,

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Mwaka 2012 walikuwa 4,364,541. Ongezeko hilo la watu milioni moja limezungumzwa sana, lakini la jirani yetu halijazungumzwa vya kutosha: Mkoa wa Pwani ulitoka watu 1,098,668 hadi 2,024,947 katika miaka hiyohiyo kumi. Pwani nako watoto wanazaliwa na viwanda vinavuta vibarua, lakini anayepita Vikindu, Kiluvya au Mapinga saa kumi na moja alfajiri, akaona foleni ya daladala zinazoelekea mjini, anajua wengi wa wakazi wapya ni akina nani. Ni sisi. Jiji limevuka mpaka wa mkoa, na sisi ndio tulioubeba mpaka huo, kiwanja kimoja kimoja.

Kila yanapotajwa matatizo ya makazi, lawama humwangukia kijana aliyeshuka jana stendi ya Magufuli akiwa na begi moja. Huyo tumwache. Akifika hufikia kwa ndugu, au hupanga chumba Manzese, Tandale au Vingunguti, na mikono yake ndiyo inayobeba zege tunalojengea. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwaka 1983 serikali iliendesha kampeni ya Nguvu Kazi, ikawakamata mjini waliodaiwa hawana kazi na kuwapeleka vijijini. Wengi walirudi. Hakuna sababu ya kudhani kwamba leo wangebaki huko.

Wanaokatakata mashamba ya Kivule, Goba, Chanika na Msongola ni watu waliokwisha kukaa mjini miaka mingi: walimu, mafundi, wenye maduka, askari, mama lishe aliyecheza upatu miaka mitano. Wamechoshwa na kodi ya miezi sita inayodaiwa kwa mkupuo. Wanataka pao. Haja hiyo ni ya haki kabisa, na siandiki kumzuia yeyote asinunue. Naandika kuhusu namna tunavyouziana.

Mwenye shamba ana ekari tatu zenye mikorosho na miembe. Dalali analeta mteja. Kamba inavutwa, ishirini kwa ishirini, jiwe linawekwa huku na kule. Hati ya mauziano inaandikwa ofisi ya serikali ya mtaa, mashahidi wanasaini, picha za pasipoti zinabandikwa. Katika mlolongo huo wote hakuna mtu ambaye kazi yake ni kuuliza gari litapita wapi. Mnunuzi akiuliza, anaonyeshwa kichaka: "Njia itapita pale." Miaka mitatu baadaye pale pana ukuta wa mtu mwingine, naye ana hati yake, ina mashahidi na picha.

Gharama yake tunaijua kwa sababu tunaishi nayo. Shimo la choo likijaa, gari la majitaka halifiki, basi tunasubiri mvua kubwa tutapishe, na uchafu unaingia kwa jirani wa chini na katika kisima chake. Mjamzito anabebwa kwa kiti hadi ilipo bajaji. Nyumba ikishika moto, zimamoto wanasimama mita mia mbili mbali na mipira yao haifiki. Jeneza linapitishwa juu ya ukuta wa mwenye huruma, kwa sababu uchochoro una kona ambayo jeneza halikati. Nani kati yetu hajawahi kuona mojawapo ya haya?

Sasa tufanye hesabu. Kiwanja cha mita ishirini kwa ishirini ni mita za mraba 400. Barabara ya mita sita ikipita mbele, wewe na wa upande wa pili kila mmoja akatoa mita tatu, umetoa mita za mraba 60. Ni asilimia 15 ya kiwanja. Kwa mwenye shamba, ekari moja ni kama mita za mraba 4,000, yaani viwanja kumi pasipo njia hata moja. Akiacha njia anabaki na vinane. Ndiyo, amepoteza viwili, na sipendi kumdanganya kwamba hajapoteza kitu. Lakini vinane vinavyofikika kwa gari haviuzwi kwa bei ya kumi vya kichochoroni. Hasara hiyo ikiahirishwa haipungui. Inageuka fidia, kesi na nyundo ya kubomoa sebule ya mtu.

Ushahidi tunao hapahapa. Miaka ya 1970 serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilipima viwanja Sinza, Kijitonyama na Mikocheni. Haikujenga majumba. Ilitenga barabara na mitaro, ikagawa viwanja, watu wakajijengea polepole kwa uwezo wao. Leo maeneo hayo yana maghorofa, benki na maduka, na mabomba yanapita bila kuomba ruhusa ya kuvunja jiko la mtu. Mistari ilichorwa kabla ya tofali la kwanza.

Hana Nasif, kule Kinondoni, waliianza safari hiyo kinyume: nyumba kwanza. Miaka ya 1990 wakazi walijiunga, wakachangia, wakachimba mitaro na kutengeneza njia kwa mikono yao, wakisaidiwa na jiji na Shirika la Kazi Duniani. Waliweza. Lakini walilazimika kufanya kazi ngumu ndani ya mtaa uliokwisha kujaa, kazi ambayo Kivule au Vikindu bado wanaweza kuifanya kwa kamba na vigingi.

Najua jibu lililo mdomoni: upimaji ni kazi ya serikali. Ni kweli, Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inazipa halmashauri mamlaka ya upangaji, nasi tuendelee kuzidai bila kuchoka. Lakini tazameni uwiano. Mradi mkubwa wa upimaji ulioanza Dar es Salaam mapema miaka ya 2000 uliitwa mradi wa viwanja 20,000. Kila kiwanja kikikaliwa na watu watano, hiyo ni nafasi ya watu 100,000, ambao ni wastani wa ongezeko la mkoa wetu kwa mwaka mmoja tu. Mpima akifika anakuta tumeshajenga.

Na maji yana njia zake pia. Mto Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu, Kisarawe, unaishia baharini baada ya kupita Jangwani. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua makumi ya watu, na familia zikahamishiwa Mabwepande. Anayeziba mkondo juu huko kwa kifusi anamtumia mafuriko mtu asiyemjua. Mkondo wa maji usiuzwe, hata ukiwa mkavu siku ya kuoneshwa eneo.

Sisi ni watu wa kamati. Harusi ya mtoto wa jirani ikitangazwa, ndani ya wiki kuna mwenyekiti, mhazini na kundi la WhatsApp, na kadi za mchango zinasambaa hadi kwa wasiomjua bibi harusi. Kwa nini barabara, ambayo bibi harusi huyo ataipita maisha yake yote, haina kamati? Mtaa ukichangishana mapema unaweza hata kununua robo ekari ya zahanati au ya kuchezea watoto, kabla bei haijapaa.

Wenyeviti wa mitaa na vijiji, msigonge muhuri kwenye hati isiyotaja upana wa njia. Mafundi, mkikuta kamba ya msingi imevutwa kwenye barabara iliyokubaliwa, wekeni sururu chini. Wanunuzi, kataeni kiwanja cha "njia itapita pale". Nanyi wenye mashamba ambayo bado hayajakatwa, iteni majirani mtembee wote mpakani, mkubaliane mita sita, mzipigie mawe. Mkutano ujao wa mtaa wako, nenda. Simama, uliza barabara itapita wapi, na usikae mpaka jibu liandikwe kwenye muhtasari.